Mota Niliyoikausha Jikoni kwa Mama

"Aii!" Halafu kicheko cha wasichana wawili, na nyuma ya kicheko mashine ya kusaga inanguruma vizuri kabisa, haikohoi, haiyumbi. Sauti hiyo niliisikia kwenye simu, nimesimama mlangoni mwa karakana yetu pale Kizwite na kikombe cha chai ya moto mkononi. Mpaka leo nikifumba macho naisikia, aii kwanza, kicheko baadaye. Chai ilimwagika yote kwenye viatu. Kwa nini, nitafika huko.

Kwanza tusalimiane. Naitwa Skolastika, wengi wananiita Skola, na nimestaafu. Msicheke! Najua nina miaka thelathini na minne. Nilikuwa na unywele mmoja mweupe, nikaung'oa. Lakini miaka kumi na tano nimesuka mota, na mwaka huu daktari amekisikiliza kifua changu akasema mimi na vanishi basi, kila mmoja ashike njia yake. Meza yangu nimemwachia mwingine. Na nyinyi mnaoanza ndio mlioniandikia kwenye kundi letu la simu: "Dada Skola, usiondoke na vitu kichwani, tuandikie basi." Haya, naandika. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona koma imekaa pabaya isogezeni wenyewe.

Kwa asiyeijua kazi hii: mota ya umeme ikiungua, wewe unaifungua, unatoa waya wote wa shaba ulioungua, unahesabu ulizungushwa mara ngapi, kisha unaingiza waya mpya kwa hesabu ileile. Ukimaliza unaumwagia vanishi, dawa fulani nzito kama asali, ili waya ushikamane na unyevu usiingie. Vanishi ikikauka, mota inaamka. Ndiyo kusuka. Mimi nilikuwa nasuka nywele za dada zangu kabla sijasuka mota, na nawaambia kweli, kichwa cha dada yangu kilikuwa kigumu zaidi.

Halafu nyie mmezaliwa wakati mtamu! Kila asubuhi kabla sijanywa uji nafungua simu nasoma habari za wahandisi, na kila asubuhi nasema "he!" peke yangu mpaka mama anauliza nani amekufa. Hajafa mtu, mama, kuna kamera ndogo unaichomeka kwenye simu inakuonyesha joto la mota kwa rangi, palipo na shida panawaka kama kaa! Kuna koleo la kupimia umeme unalibana tu juu ya waya, hukati kitu, hufungui kitu, namba hiyo inakuja. Kuna kifaa cha kuiwashia mota polepole isishtuke, kama unavyomwamsha mtoto. Kuna programu unaijaza ukubwa wa mota inakupa hesabu ya waya. Sisi tulihesabu kwa mdomo na kwa vidole. Na mimi simwonei wivu mtu, natamani tu kuvishika vyote kabla ya Krismasi.

Ila ngoja niwaambie habari ya kuhesabu kwa mdomo.

Aliyenifundisha ni Fundi Desderi. Mtu mfupi, koti la sufu mwaka mzima, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Yeye alikuwa na sheria moja: mtu akiwa anahesabu mizunguko ya waya, ukimwongelesha, yeye anakujibu namba aliyofikia, hakuna kingine. Ukikosea hesabu kwa mzunguko mmoja, mota itazunguka, lakini itapata moto upande mmoja na itakufa mapema. Basi siku moja, wiki yangu ya pili kazini, akaja paroko kuulizia mota ya pampu ya kisima.

"Tumsifu Yesu Kristo, binti."

"Thelathini na saba!" nikamjibu.

Paroko akamwangalia Fundi Desderi. Fundi Desderi akavua kofia. "Milele amina, Padri. Yeye ataitikia akifika hamsini na mbili."

Nilipofika hamsini na mbili nikasimama nikaitikia, na padri akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la shaba chakavu. Pampu ile bado inafanya kazi.

Desderi alikuwa na desturi nyingine, na hii ishikeni maana habari yangu yote imening'inia hapo. Pembeni mwa kila mota kuna kisanduku kidogo cha chuma ambamo waya za umeme zinaingilia, kina kifuniko chenye skrubu nne. Ukimaliza kusuka, unachukua msumari unakwaruza ndani ya kile kifuniko: unene wa waya, hesabu ya mizunguko, na jina lako. Mwenye mota hataona. Ni kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada ya wewe, labda baada ya miaka kumi, labda wewe umeshahamia Mpanda. Na kama mota uliyoisuka imerudi na kosa lako mwenyewe, unaongeza neno moja chini ya jina: ILIRUDI.

Nilimwona akifungua mota moja ya zamani, akageuza kifuniko. Kilikuwa kimeandikwa DESDERI, na chini yake ILIRUDI.

"Fundi, hukuona aibu?"

"Niliona. Lakini fundi wa kesho ajue hapa Desderi alisinzia, asije akasinzia palepale."

Haya. Nilikuwa nimekaa naye miaka minne nilipopata habari, kwenye simu hiyohiyo, kwamba chuo cha ufundi kinawapima mafundi wa mitaani. Huna vyeti vya shule? Hamna shida, njoo uoneshe mikono yako, ukifaulu unapewa cheti kama wenzako, na ukiwa na cheti unaweza kuendelea na masomo juu. Wadogo zangu, mimi nilikuwa nalala naota nimevaa kofia ile ya plastiki nyeupe ya wahandisi, nimesimama juu ya bwawa, naelekeza kidole. Kuelekeza nini sijui. Kidole tu!

Chuo kilitaka fomu, na pamoja na fomu barua ya fundi mkuu: kwamba mtu huyu amefanya kazi moja peke yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kazi hiyo imekaa siku saba bila kurudi. Fomu ilitakiwa ifike siku ya Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ukichelewa, subiri mwaka kesho.

Fundi Desderi alikuwa anaondoka kwenda Kirando, ziwani, kushughulikia mota za majokofu ya samaki, na hakujua atarudi lini. Akakaa kwenye benchi, akaiandika barua palepale kwa mwandiko wake wa kulala, akasaini, akanipa.

"Lakini fundi, kazi yenyewe sijaifanya."

"Utaifanya. Mwenyewe utajua kama nimeandika kweli au uongo." Akaweka koti vizuri, akapanda gari.

Siku mbili baadaye mota ikaja yenyewe, kama imetumwa. Mama Yustina wa Mollo, mwenye mashine ya kusaga, alikuja nayo juu ya bajaji ya mizigo, yeye mwenyewe ameikalia kama kiti. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, ulezi nao umeshapurwa, kijiji kizima kinataka unga, na mota imeungua. "Fundi yuko wapi?"

"Amesafiri, mama. Nipo mimi."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wewe si ndiye uliyemjibu padri namba?"

Sifa zinasafiri, jamani. Lakini akaiacha.

Nikaisuka. Sijisifu, niliisuka vizuri. Nilihesabu mara mbili, nikapima unene wa waya kwa kipimo chenyewe, karatasi za kuhami nikazikata moja moja, ncha nikazifunga kwa uzi mpaka zikakaa kama ukili wa mkeka. Mwenzangu pale karakana, Gaudensi, kijana mwenye maneno mengi kuliko vifaa, alikuja akachungulia akasema, "Mh. Hii hata mimi ningeolewa nayo." Nikamwaga vanishi. Ilikuwa Jumatano. Hesabu ya siku ilikuwa wazi: mota ikianza kazi Ijumaa hii, Ijumaa ijayo inatimiza siku saba, na fomu yangu inafika saa ileile.

Ila ilikuwa Julai. Nyinyi wa Ufipa mnaijua Julai yetu. Asubuhi ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka, watu wanatembea na blanketi sokoni. Vanishi kwenye baridi haikauki, inalala tu. Sisi tulikuwa na kisanduku cha kukaushia, mbao nje na bati ndani, kina balbu nane za zamani zile za waya zinazotoa joto. Nikaziwasha. Tano zilikuwa zimekufa. Nikazunguka madukani mji mzima kutafuta balbu za namna ile.

"Dada, hizo hatuuzi tena," ananiambia muuzaji. "Chukua hizi za kisasa, hazili umeme."

"Zinatoa joto?"

"Hata kidogo!" anasema kwa furaha.

Basi ona mambo. Dunia imesonga mbele, kisanduku chetu kimebaki nyuma. Alhamisi mchana vanishi bado inanata kidoleni. Na hapo, wadogo zangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtoto wa Ufipa tu angelifanya.

Kwetu jiko la kuni halizimwi msimu wa baridi. Juu ya mafiga kuna boriti, na kwenye boriti tunaning'iniza kila kitu kinachotakiwa kukauka: mbegu za mahindi, nyama, mashuke ya ulezi wa mbegu. Mdudu hasogei, unyevu hausogei. Nimekua nikiona boriti ile inakausha kila kitu. Kwa nini isikaushe mota?

Mimi na Gaudensi tukaifunga kwa mnyororo, tukaining'iniza. Mama akaingia na sufuria ya maharage, akasimama.

"Skola, hicho chungu cha chuma kinapika nini?"

"Kinapika maisha yangu, mama."

"Haya, kisidondokee maharage yangu."

Akainjika chini yake. Usiku kucha moto ukawaka, asubuhi ya Ijumaa nikagusa vanishi: kavu, ngumu kama ukucha! Nyeusi kidogo, inanukia kama nyama ya kukausha. Mama akaigonga kwa mwiko, akasema, "Imeiva." Nikarukaruka jikoni. Kifuniko nikakiandika, unene wa waya, hesabu, na jina, SKOLA, kwa herufi kubwa kupita za Desderi. Mchana mota iko Mollo, inazunguka, akina mama wanapiga vigelegele, mimi napewa kuku.

Nilipima kabla ya kuifunga? Nilipima kama inazunguka. Karakana ilikuwa na mita ya kupima uvujaji wa umeme, ile yenye kitufe chekundu, nikaiacha kabatini. Ningeitumia ya nini, mota si imekauka? Hilo shikeni. Vifaa vyote mnavyonitumia picha zake, na mimi navipenda kuliko keki, havitawasaidia kitu vikiwa kabatini.

Siku zikaenda. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nilikuwa natembea na barua mfukoni kama mtu mwenye tiketi. Alhamisi asubuhi, siku ya sita, simu ikalia.

"Mwanangu Skola!"

"Shikamoo mama Yustina."

"Marahaba, marahaba. Nakupigia kushukuru tu, mashine inasaga mpaka najisikia vibaya nilivyokudharau. Nimekuwekea unga wa ulezi, uje uchukue."

"Asante mama. Kila kitu sawa?"

"Sawa kabisa! Inauma kidogo tu asubuhi, mchana inaacha."

"Inauma?"

"Ukiigusa. Tunaigusa kwa kitenge. Na mkwe wangu Leti ana kandambili nene, tumemfanya waziri wa swichi. Wasichana wamegeuza mchezo, wanasukumana nani ataigusa. Sikia!"

Ndipo nikasikia. "Aii!" Halafu kicheko.

"Mama! Zima! Zima swichi kubwa ya ukutani, watu wote watoke nje, asiguse mtu! Zima sasa hivi!"

Mashine ikanyamaza kwenye simu. Nikaangalia viatu vyangu, vimejaa chai.

Mngekuwa nyinyi mngejua mara moja, maana mmesoma. Mimi ilibidi nikae chini kwenye kizingiti nifikirie. Asubuhi inauma, mchana inaacha. Asubuhi kuna ukungu. Mchana kuna jua. Unyevu, basi. Lakini vanishi inazuia unyevu. Vanishi yangu ilikuwa kavu. Nyeusi... nyeusi kwa nini? Nikasikia harufu ya nyama ya kukausha. Masizi! Vanishi mbichi inanata, na moshi wa kuni ulipanda usiku kucha ukajipaka juu yake na kwenye karatasi zote, na masizi ni makaa laini tu, na makaa yanapitisha umeme. Yakilowana kwa ukungu, umeme unatembea juu yake kutoka kwenye waya mpaka kwenye bodi ya mota, na kutoka kwenye bodi mpaka kwenye mkono wa mtu.

Gaudensi alikuwa amesikia yote. "Sasa unalia nini? Mota haijarudi."

"Gaude, inauma watu."

"Haijarudi, nakwambia. Imepiga simu tu. Mota iliyopiga simu na mota iliyorudi ni vitu viwili. Kesho saa sita fomu imefika, saa saba unaenda Mollo na brashi. Na ukitaka, sema ni waya wa ethi. Waya wa ethi Mollo nzima umefungwa kwa imani tu."

Na kweli, baadaye nilikuta ethi ya mashine ile, waya unaotakiwa kuuzamisha umeme ardhini, imefungwa kwenye kopo bovu lililofukiwa. Alikuwa hajakosea. Ndiyo maana ilikuwa ngumu.

Nikampigia Fundi Desderi. Nyuma yake nasikia mawimbi na watu wanabishania dagaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inazunguka?"

"Inazunguka. Ila inauma."

"Uliikausha wapi?"

"Jikoni kwa mama."

Alicheka, jamani, alicheka mpaka akakohoa, mpaka mtu mwingine akachukua simu akauliza mzee amepatwa na nini. Kisha akarudi, sauti imetulia. "Umeizima?"

"Nimewaambia wazime. Fundi, na barua?"

"Barua unayo wewe. Mimi niko Kirando, siwezi kuichana kwa simu."

"Kama ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshaanza safari ya Mollo, nakuuliza maswali haya nikiwa njiani." Akakata.

Nililia kidogo, siwafichi. Mwaka mzima ni mwingi ukiwa na miaka ishirini na kitu na unaota kofia nyeupe. Nilifikiria pia kufanya yote mawili, mbio asubuhi kwenye fomu, mbio mchana Mollo. Lakini barua ilikuwa inasema kazi yangu haikurudi. Ningempelekea mtu mwandiko wa Desderi wenye uongo wangu ndani. Na mashine ilikuwa imezimwa na watu wenye njaa ya unga. Hadi Ijumaa mchana, nani angejizuia? Ingetosha mmoja kuwasha asubuhi ya ukungu, na Leti amesahau kandambili.

Nikafika Mollo mchana ule ule. Foleni ya ndoo ilikuwa imetoka mlangoni mpaka njiani, na nilipoanza kulegeza nati, kelele zikaanza.

"We binti, unafanya nini? Si ilikuwa inasaga?"

"Fundi wa kwanza namwona anakuja kuharibu kizima!"

"Kuku wetu mrudishe basi!"

"Kuku nimemla," nikasema. "Nitarudisha mota."

Mama Yustina hakuwa anacheka. "Skola, watu hawa wataenda kusaga mjini na hawatarudi kwangu. Sisi tumeshaizoea inavyouma."

"Mama, mimi ndiye niliyeiharibu. Niliikausha kwenye moshi. Leo inauma kidogo, na kesho ukungu ukizidi inaweza kumshika mtu isimwachie."

Akamwangalia Leti, Leti akaziangalia kandambili zake. Halafu mama Yustina akaja akashika upande wa pili wa mota, tukaibeba pamoja mpaka kwenye bajaji, na wale wa foleni wakaendelea kunitukana kwa heshima zote.

Nilipoifikisha Kizwite nikaitoa mita kabatini, nikabonyeza kitufe chekundu. Mshale ulilala chini kabisa, maana yake umeme unavuja, aibu tupu. Ijumaa saa sita mchana, wakati fomu za wenzangu zinapokelewa, mimi nilikuwa nasugua koili na brashi ya meno na petroli, masizi yanatoka kama wino.

Lakini sikilizeni raha yake! Balbu hamna, jikoni sirudi, kwa hiyo nikawaza. Nikachukua plati ya jiko la umeme lililokufa upande mmoja, nikaifunga chini ya kisanduku chetu, nikatoboa matundu chini na juu ili hewa ipande yenyewe. Na hilo sikulipata kwenye simu. Yale malungu ya wazee wetu, matanuru marefu ya udongo ambayo bado yamesimama maporini huku, waliyeyushia chuma bila feni, hewa inaingia kwa chini na kupanda yenyewe. Tulipokuwa wadogo tulijificha ndani yake. Sikuwahi kufikiria kwamba nilikuwa najificha ndani ya darasa! Nikapachika kipima joto mlangoni, nikamwaga vanishi mpya. Vanishi ikakauka siku mbili, safi, rangi ya chai nyepesi. Mshale wa mita ukapanda mpaka mwisho ukakaa huko. Nilimkumbatia Gaudensi, akasema nimemchafua shati.

Niruke mbele kidogo. Desderi aliporudi kutoka Kirando nilimpa barua yake, bado ina mikunjo yake minne. Hakuisoma. Jiliwa yetu ya kubania vyuma ilikuwa inayumba mguu mmoja, akaikunja tena barua, akaichomeka chini ya mguu. Ikaacha kuyumba. Akazunguka kisanduku changu kipya mara mbili, akaweka mkono kwenye tundu la juu kusikia joto. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia malungu. Akavua kofia, kama alivyomvulia padri. Mwaka uliofuata aliandika barua nyingine, ya kazi nyingine, na cheti nilikipata. Na sasa kifua kimenitoa kwenye vanishi, chuo kilekile kimenichukua nikasomee uhandisi wa umeme ngazi ya kwanza, nitakaa na watoto wa miaka kumi na tisa, na kofia nimeshanunua. Ni ya njano, nyeupe zilikuwa zimeisha.

Wakati mwingine mnaniuliza niliwahi kujiona mhandisi lini. Nawarudisha Jumanne ile niliyoirudisha mota Mollo.

Mota ilikuwa imefungwa, ethi nimeipigilia fimbo ndefu ya chuma mpaka kwenye udongo wa unyevu, mita imesema ndiyo. Mashine imesaga debe la kwanza. Leti aliigusa kwa kiganja kitupu, akasubiri, akasema, "Imepoa," akatoka mbio kuwaita watu, na mama Yustina nyuma yake. Kibanda kikabaki kitupu. Vumbi la unga linashuka polepole kwenye mwanga wa mlango.

Nikazima swichi ya ukutani. Nikafungua skrubu nne, nikageuza kifuniko. Jina langu lilikuwa pale, kubwa, la mtu mwenye furaha. Nikatoa msumari mfukoni, nikakiweka kifuniko juu ya goti, nikakwaruza chini yake herufi saba. ILIRUDI. Nikapuliza unga wa chuma. Nikarudisha skrubu zote nne, nikazikaza, nikawasha.